Saa Tisini za Nyumbani

Saa nane mchana, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye madirisha ya Shule ya Sekondari Mteremko, Tusekile alilala fofofo mbele ya watu wawili, na nyumba ikaanza kujijenga juu yake.

Haikuwa nyumba ya tofali wala bati. Ilikuwa ya nuru, nyeupe kama maziwa yaliyodondoshewa chai, na ilipanda chumba baada ya chumba mpaka ikagusa dari ya ofisi. Ukisogea karibu ulisikia ndani yake sauti ndogondogo: maji ya maabara yakichemka, chaki ikikwaruza, mtu akisoma barua za machifu wa zamani. Tusekile, binti wa miaka kumi na minane, alikuwa humo ndani akitembea pekupeku, ingawa mwili wake ulikuwa hapa, umejinyoosha kwenye kiti kirefu kinachoitwa kilalio, viatu vimepangwa chini kwa adabu.

Wakati huo kila shule ya milimani ilikuwa na kilalio. Mwanafunzi hujilaza dakika ishirini, na katika usingizi huo anaiona nyumba ya kuhitimu, yaani masomo yake yote yamegeuzwa vyumba. Akitaka kujua Kemia itamfikisha wapi, anaingia chumba cha Kemia, anakaa, anamwona mwalimu, anainusa kazi yenyewe. Mlango wa Fizikia ya Nyota haufunguki kama hajapita Hisabati ya Pili, wala hakuna haja ya mtu kumwambia, kwa kuwa kitasa chenyewe kinakataa. Kila chumba kina uzito wake, nao huitwa fungu. Ukikusanya mafungu arobaini na manane, mlango wa nyuma wa nyumba unafunguka, na hapo umehitimu.

Aliyekibuni kilalio alikuwa amekaa pembeni yake mchana huo, koti halijavuliwa, akitazama saa. Jina lake Injinia Gwamaka Mwakalinga, na binti aliyelala alikuwa wake wa pekee. Yeye mwenyewe, zamani za masomo ya kupangwa kwenye karatasi, alichelewa kuhitimu mwaka mzima kwa sababu ya nusu somo la Jiografia ambalo hakuna mtu aliyekumbuka kumwambia. Hasira ile ndiyo iliyomfanya mhandisi. Aliapa kwamba mtoto wa mtu hatakosa tena cheti kwa kusahau somo, na kwa kweli tangu kilalio kienee hakuna aliyesahau.

"Nyumba nzuri," alisema. "Imekamilika. Sasa umeniitia nini, Mwalimu?"

Mwalimu Subilaga, mshauri wa masomo wa shule, alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya taratibu na tabia ya kumaliza chai yake kwanza. Aliimaliza. Kisha akanyoosha kidole.

"Tazama chini kule, Baba Tusekile. Nyuma ya ngazi."

Nyuma ya ngazi kulikuwa na chumba kimoja chenye giza. Si giza la kutisha, ni giza la chumba ambacho mwenyewe amesafiri. Juu ya mlango wake paliandikwa Fungu la Nyumbani.

Somo hilo lilikuwa la lazima kwa kila mtoto wa mkoa. Wazee wa mabaraza ndio waliolidai, siku mitambo ilipoanza kufundisha karibu kila kitu. Walisema mtoto asihitimu mpaka amefundishwa kitu kimoja na mzazi wake, kwa mikono, saa tisini, kitu ambacho mzazi naye alifundishwa na mzazi wake. Watu walicheka mwanzoni, halafu wakalipenda. Kuna waliofundishwa kupika ndizi za mbalaga, kuna waliofundishwa kukamua ng'ombe, na dada mmoja wa mtaa wa juu alifundishwa na mama yake jinsi ya kupokea wageni wa msiba, akapata fungu lake kama wengine.

"Hilo somo jepesi," Gwamaka alisema. "Mtambo wa kilalio huliweka mwishoni."

"Huliweka pale mzazi aliposema. Wewe ulisemaje?"

Mwalimu Subilaga alimfungulia fomu aliyoijaza miaka minne iliyopita, Tusekile alipoingia shuleni. Mwandiko ulikuwa wake, wa haraka. Kwenye nafasi ya kitu utakachofundisha alikuwa ameandika: kusuka tenga la mianzi. Kwenye nafasi ya wakati utakaopatikana alikuwa ameandika: wakati wowote.

Gwamaka alilisoma jibu hilo mara mbili. Aliujua mtambo wake kuliko mtu yeyote duniani. Mzazi aliyeandika Jumamosi asubuhi, mtambo humpangia Jumamosi asubuhi. Aliyeandika wakati wowote, mtambo huona hapa pana nafasi ya kuchezea, basi kila somo jingine linapobana, hilo la nyumbani linasogezwa mbele. Lilikuwa limesogezwa muhula baada ya muhula, mihula kumi na moja, na sasa hapakuwa na mbele tena. Zilibaki wiki kumi na moja. Wiki ya kumi na mbili Tusekile alikuwa anaondoka kwenda Chuo cha Anga, kile kinachoelea juu ya ikweta, ambacho humpokea mwanafunzi mwenye cheti kamili na kumrudisha nyumbani baada ya miaka sita.

"Hilo silo kubwa zaidi," Mwalimu Subilaga alisema. "Mwanafunzi wa kawaida hurudi kwenye kilalio mara nne au tano kupanga upya masomo yake. Mwanao amerudi mara sitini na mbili."

"Kupanga nini mara sitini na mbili?"

"Hapangi kitu. Anaingia chumba kile, anakaa humo mpaka dakika zake ziishe, anaamka, ananishukuru, anarudi darasani. Mimi nilifikiri ni woga wa mitihani. Leo nimeona nikuite. Mzazi ana ruhusa ya kuingia. Ingia uone mwenyewe."

Gwamaka alivua koti. Alijilaza kwenye kilalio cha pili, akafumba macho.

Alijikuta kwenye ngazi, na ukungu ulikuwa umeingia ndani ya nyumba, umelala sakafuni kama paka. Alitembea bila kusikia miguu yake. Mlango wa nyuma ya ngazi ulimfungukia mara moja, na kwa ndani hapakuwa na giza hata kidogo. Palikuwa na ukingo wa kijito, mianzi mirefu ikisuguana kwa juu, na jua la asubuhi lililopita katikati yake vipande vipande. Tusekile alikuwa ameketi juu ya jiwe, sketi imekunjwa magotini, anasuka. Vidole vyake vilikwenda bila kufikiri. Mbele yake aliketi mtu mzima anapasua mwanzi, naye alikuwa na uso wa Gwamaka.

Gwamaka alisimama akajitazama. Mtu yule hakuwa na saa mkononi. Alipasua mwanzi pole pole, akausikiliza, akaugeuza, akapasua tena, na mtoto alipokosea hakusema neno ila alinyoosha mkono, akaurudisha ufito nyuma hatua moja, akamwacha aendelee mwenyewe. Vumbi la mianzi lilipomwingia puani alipiga chafya mara tatu mfululizo, na Tusekile akacheka kabla ya ile ya tatu, kwa sababu aliijua inakuja.

Ndipo Gwamaka alipoona kisu kiko mkono wa kushoto.

Yeye hutumia wa kulia. Aliyekuwa akitumia wa kushoto, na kupiga chafya tatu, na kufundisha bila maneno, ni mzee Ambokile, baba yake, aliyefariki miaka miwili kabla Tusekile hajazaliwa. Gwamaka akaelewa yote pale pale, kwa akili ya kihandisi. Mtu wa kwanza kulala kwenye kilalio alikuwa yeye, siku za majaribio, na mtambo ulichukua kumbukumbu zake ili ujifunze namna mtu anavyofundishwa. Miaka ilipopita, mtambo huo ulitakiwa umwonyeshe Tusekile baba yake akimfundisha kusuka. Ukatafuta Gwamaka anayefundisha, ukamkosa. Basi ukachukua ufundishaji wa mzee, ukauvisha sura ya mwanawe.

Alitaka kuita, baba. Dakika zikaisha.

Alipofungua macho, Tusekile alikuwa ameshaamka, amekaa anafunga kamba za viatu. Hakuonekana kushtuka kumwona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Mwalimu Subilaga aliweka karatasi mezani. Alieleza kwa sauti ileile ya taratibu kwamba dakika ishirini za kilalio ni saa moja na nusu kwa ndani, kwa hiyo mara sitini na mbili ni saa tisini na tatu. Sheria haikusema saa za ndotoni zinahesabiwa, wala haikusema hazihesabiwi. Ilisema mzazi athibitishe kwa sahihi kwamba alimfundisha mwanawe. "Binti anajua kusuka, nimemjaribu. Ukisaini leo, mlango unafunguka. Usiposaini, mna wiki kumi na moja. Mimi sikuelekezi. Nendeni nyumbani mkaongee."

Waliteremka kwa gari la waya, lile linaloning'inia juu ya mashamba ya chai, wawili peke yao ndani ya kibanda cha kioo. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hukujua kama gari linakwenda au milima ndiyo inayorudi nyuma. Gwamaka alikuwa na safari ya wiki kumi kuanzia Jumatatu, kwenda kuzindua vilalio katika miji ya ziwani. Karatasi ilikuwa mfukoni mwake.

"Saini tu, baba," Tusekile alisema, akitazama nje. "Sina kinyongo."

"Sheria inataka niwe nimekufundisha."

"Nimefundishwa."

"Si na mimi, mama. Yule siye mimi."

"Najua." Alilisema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwenzake kushuka ngazi. "Toka mara ya pili nilijua. Wewe huwezi kukaa muda wote ule."

Gwamaka aliigusa karatasi mfukoni. Gari lilipita juu ya mnara, likatikisika kidogo, likaendelea.

"Tunaweza kuanza kesho," alisema mwishowe. "Nitamwomba Lusajo wa ofisini kwangu aende ziwani badala yangu. Saa nane na kitu kila wiki, tunamaliza."

Tusekile aligeuka kumtazama. "Sitaki. Mimi nimeusoma mwongozo wako, baba, ukurasa wa mwisho. Kitu kikifanyika kweli, ndoto ya kitu hichohicho inafutika. Ndivyo ulivyoutengeneza."

Ni kweli, ndivyo alivyoutengeneza, na alipewa tuzo kwa ajili hiyo. Hofu ya kwanza ya wazazi ilikuwa kwamba watoto watashindwa kutofautisha waliyoyaota na waliyoyaishi. Gwamaka aliuwekea mtambo kanuni moja: jambo lililotendeka mtu akiwa macho linaifuta njozi ya chumba chake. Mwanafunzi akishaanza Kemia yenyewe, Kemia ya ndotoni hufifia ndani ya wiki chache, na hakuna anayeililia.

"Nina baba mmoja aliyenifundisha kusuka," Tusekile alisema. "Alikuwa na subira. Wewe ukinifundisha wiki kumi na moja kwa haraka haraka, huku simu inalia, nitaondoka na hiyo. Ile nyingine itakuwa imekwenda. Ni miaka sita huko juu, baba. Niache niende na ile nzuri."

Hakuna neno lililowahi kumuuma Gwamaka kama hilo, na lilimuuma zaidi kwa sababu halikusemwa kwa ubaya. Walifika nyumbani. Tusekile aliingia kubandika maji ya chai, na yeye akakaa barazani na ile karatasi, kalamu mkononi.

Alijiambia kwamba kusaini ni upendo. Mtoto ameomba mwenyewe. Cheti kipo, chuo kipo, na ndoto ile ni bora kuliko chochote anachoweza kumpa. Hata kusuka kwenyewe amesahau, hajashika mwanzi tangu ujana. Hakuna atakayedhulumika. Aliweka ncha ya kalamu kwenye mstari, akasoma maneno yaliyoandikwa juu yake: Nathibitisha kwamba nilimfundisha kwa mikono yangu. Aliitazama mikono yake. Alikaa nayo pale hadi chai ikaletwa na ikapoa.

Kisha akamwita Tusekile, akamwambia hatasaini. "Nikisaini, utaondoka humjui baba yako na utakuwa unadhani unamjua. Nichukie kama ni lazima, ila nichukie mimi mwenyewe."

 Tusekile aliokota vikombe, akaingia ndani, na siku tatu zilizofuata alimsalimia tu.

Walianza Jumamosi. Kijito kilikuwa bado kipo, kimebanwa kati ya nguzo mbili za gari la waya, na mianzi ilikuwa imesalia upande mmoja. Gwamaka aliiacha simu nyumbani, akawa anapapasa mfuko kila baada ya dakika tano kama mtu aliyeacha sigara. Alipasua mwanzi wa kwanza ukachanika ovyo. Wa pili ukamkata kidole. Alikuwa amesahau kwamba mwanzi huloweshwa kwanza, na ni Tusekile aliyemkumbusha, bila kumtazama.

"Sivyo hivyo, baba. Lowesha."

"Nani alikwambia?"

"Yule."

Siku hiyo waliandika saa mbili, na moja kati yake ilikwenda kwenye kutafuta kitambaa cha kufungia kidole. Wiki ya pili walisuka kitako cha tenga kilichopinda upande, wakakivunja. Ya tatu wakagombana, kwa sababu Gwamaka alitaka kuchora mpango wa fito kwenye karatasi na Tusekile alimwambia tenga halichorwi. Ya nne mvua iliwakuta wakajibanza chini ya nguzo, na Gwamaka akamsimulia jinsi alivyochelewa kuhitimu kwa nusu somo la Jiografia, na Tusekile akacheka mpaka akashika mbavu, hasa aliposikia kwamba somo lenyewe lilikuwa la kusoma ramani. Katikati ya wiki ya sita mikono ya Gwamaka ilikumbuka. Hakujua ni saa ngapi ilikumbuka. Aliinua macho tu akaona amesuka mizunguko mitatu bila kuhesabu. Akaendelea na wa nne.

Ndoto nayo ilikuwa ikiondoka, kama alivyoitengeneza iondoke. Mwanzoni Tusekile alisema yule hafanyi hivyo, yule hufanya hivi. Baadaye akasema nadhani alifanya hivi. Ilipofika wiki ya tisa hakumtaja kabisa, na Gwamaka aliyekuwa amechoshwa na kulinganishwa naye akagundua kwamba anangoja atajwe.

Jumamosi ya mwisho zilikuwa zimebaki saa mbili katika zile tisini. Ukungu haukuwepo. Tenga lilikuwa limesimama kati yao, kubwa, limenyooka vizuri isipokuwa upande mmoja, na kazi iliyobaki ilikuwa kufunga mdomo wake. Tusekile aliufunga kwa vidole vyepesi, akakwama mahali, akaurudisha ufito nyuma hatua moja, akaendelea.

Gwamaka hakuwahi kumwonyesha hilo. Yeye akikosea hufumua mzunguko mzima.

"Hivyo ulivyorudisha," aliuliza, "ulijifunza wapi?"

Tusekile alisita. Alitazama mianzi, akakunja uso kama mtu anayetafuta jina la aliyewahi kusoma naye. "Kuna siku ulinionyesha. Hatukuwa hapahapa? Kulikuwa na jua, na wewe ulikuwa unapiga chafya." Akatabasamu. "Si ulikuwa wewe, baba?"

Hapo ndipo ilipomlazimu kuchagua, na hakuna mtambo ulioweza kumpangia. Angesema ndiyo, na yale yote yangekuwa yake: subira ya kando ya kijito, mkono usiofoka, asubuhi zote sitini na mbili. Binti angeondoka keshokutwa na baba mzuri kuliko aliyekuwa naye, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Alilitaka jambo hilo kwa nguvu iliyomtisha.

"Hapana," alisema. "Huyo ni babu yako. Alikuwa anaitwa Ambokile. Alitumia mkono wa kushoto."

Tusekile aliacha kusuka. "Sikuwahi kumwona babu."

"Ulikaa naye saa tisini na tatu."

Akaanza kumsimulia tangu mwanzo: jinsi mzee alivyotembea, alivyokula, alivyonyamaza, alivyomsubiri mwanawe langoni siku ile ya cheti kilichochelewa na asiseme neno la lawama. Kuna mahali alikumbuka vibaya, akajisahihisha. Kuna mahali alilia, na Tusekile akaweka ufito chini, akamshika mkono wenye makovu ya kisu. Jua lilipozama waliandika saa mbili za mwisho, na kwenye nafasi ya kilichofundishwa siku hiyo Tusekile aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wa haraka kama wa baba yake: babu.